Nizifiche Siku za Dharura Ndani ya Makadirio?



Ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikutegemea kama siku moja ningekuandikia. Naongoza timu ya watengenezaji programu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Tulikuwa saba, sasa tumebaki sita. Tunatengeneza mfumo wa mauzo wa maduka ya jumla na maduka ya dawa: stoo, bei, risiti za kodi, malipo ya simu. Tunafanya kazi kwa sprinti za wiki mbili. Kila Jumatatu ya kupanga tunachukua kazi za pointi 40 (pointi ndicho kipimo chetu cha ukubwa wa kazi), na kila Ijumaa ya kufunga tunakuta tumemaliza 24 au 26, tukibahatika 28. Huu ni mwezi wa nane wa hali hii.

Si kwamba tunakaa bure. Sprinti iliyopita, Jumanne saa mbili usiku, duka la dawa la Kariakoo lilipiga simu kwamba risiti hazitoki na wateja wamejazana mlangoni. Vijana wawili wakakesha. Jumatano mkurugenzi akaja na mteja mkubwa anayetaka ripoti ya mauzo ya matawi yote, na anaitaka kabla ya kikao chake cha kesho. Alhamisi tukagundua kuwa mauzo ya tawi moja yameingia mara mbili. Juu ya hayo lipo kundi la WhatsApp ambamo watu wa mauzo wanaandika "naomba unisaidie kidogo tu" kutwa kucha.

Mkurugenzi anasema tunaahidi tusichotimiza. Nilipomwomba tutenge muda wa dharura alicheka, akasema dharura haipangwi, ndiyo maana ikaitwa dharura. Kijana wangu hodari kuliko wote aliacha kazi mwezi uliopita. Sasa tumeambiwa Jumamosi mbili zijazo tuje wote tumalizie viporo.

Rafiki yangu wa kampuni nyingine amenipa dawa: kila makadirio niyaongezee kimyakimya, kazi ya siku tatu niiseme nne, bosi asijue. Kusema kweli nimeshawishika. Nifanye hivyo? Na kama ni halali kuwa na akiba ya namna hiyo, iwe kiasi gani?

Kiongozi wa Timu, Mikocheni


Mdogo wangu, pole kwa miezi minane hiyo. Umeuliza mambo mawili, ila lipo la tatu ulilolipitia juujuu, nami nitaanza nalo kwa kuwa halisubiri: hizo Jumamosi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za makubaliano, hazitangazwi tu kikaoni. Hazipaswi kupita 50 ndani ya wiki nne, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Wewe, kwa kuwa unasimamia wenzako, huenda vifungu hivyo havikugusi. Vijana wako vinawagusa, na mkesha wa Jumanne nao umo katika hesabu. Mwandikie mkurugenzi barua pepe ya heshima umuulize saa hizo zitalipwa kutoka fungu lipi. Iandike, usiishie kumwambia kwa mdomo. Jumamosi ikishapata bei, hamu ya kuitaka hupungua sana.

Lakini hata kama vijana wangekuwa radhi kuja bure, bado ningekuambia uwazuie, kwa sababu ya kitaalamu kabisa. Tuseme mmekuja, mkafunga sprinti kwa pointi 33. Hiyo 33 ndiyo itakayosomwa kikao kijacho kama uwezo wenu. Hakuna atakayekumbuka kwamba ndani yake mlikuwamo siku mbili zisizokuwa zenu, na mwezi ujao mtadaiwa 33 za siku kumi.

Sasa neno la mkurugenzi. Nusu yake ni kweli. Hakuna aliyejua kwamba Jumanne ile, saa ile, risiti za duka lile zingegoma. Ila wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kwa miezi minane, yaani sprinti kama 17, mmekuwa mkifunga kati ya 24 na 28. Kitu kinachowapunguzia kiasi kilekile kila baada ya wiki mbili kinajulikana, hata kama kila mara kinakuja na sura mpya. Dharura moja moja haitabiriki. Jumla yake inatabirika, na jumla ndiyo inayopangwa.

Kama mkurugenzi wako ni mtu wa kusikiliza visa kuliko hesabu, msimulie huu. Hospitali ya St. John's, katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri, Marekani, ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji na vyote vilikuwa vimejazwa ratiba. Kila alipoletwa majeruhi au mgonjwa wa ghafla, na hao walikuwa kama mmoja katika kila watano, mgonjwa aliyepangwa alisogezwa. Madaktari walikaa saa kadhaa wakisubiri kufanya upasuaji wa saa mbili, na mara nyingine wakaufanya saa nane za usiku; wauguzi wakabaki kazini muda ambao hakuna aliyewapangia. Mshauri kutoka Institute for Healthcare Improvement akaangalia, akapendekeza wachukue chumba kimoja wakiache wazi. Madaktari hawakufurahi hata kidogo: wamebanwa kiasi hicho, halafu wanyang'anywe chumba! Wakakubali kujaribu. Chumba kimoja kikatengwa kwa wasiotarajiwa, na hospitali ikafanya upasuaji mwingi zaidi kuliko kabla, kwa asilimia 5.1. Ule unaofanywa baada ya saa tisa alasiri ukapungua kwa asilimia 45. Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir wamekieleza kisa hiki katika kitabu chao Scarcity cha mwaka 2013.

Hospitali ile haikuwa na upungufu wa vyumba. Ilichokosa ni mahali pa kumpokelea asiyetajwa kwenye ratiba, kwa hiyo kila aliyeingia alimsukuma mwingine, na huyo akamsukuma wa tatu. Rudi sasa kwenye Jumatano yenu. Ile ripoti ya matawi pengine iliandikwa kwa saa nne. Lakini aliyeiandika alitolewa kwenye kazi ya malipo ya simu, na mwenzake aliyekuwa akingoja aipitie kazi yake akabaki anangoja. Asubuhi ya Alhamisi kijana yule alirudi kwenye programu yake akalazimika kuisoma upya ili akumbuke alipoishia. Ripoti ya saa nne ikaondoka na siku mbili, na hakuna mahali popote mlipoziandika.

Wenye hesabu za foleni wana maelezo yake, na ni elimu ya zamani; Agner Krarup Erlang wa Denmark aliandika juu ya foleni za simu za Copenhagen mwaka 1909. Chukua foleni rahisi kuliko zote: mhudumu mmoja, kazi zinaingia bila ratiba, na urefu wake haulingani. Mhudumu akiwa na shughuli nusu ya muda wake, kazi mpya kwa wastani husubiri muda sawa na ule wa kuhudumia kazi moja. Akijazwa asilimia 80, husubiri mara nne. Asilimia 90, mara tisa. Asilimia 95, mara kumi na tisa. Angalia zile hatua za mwisho: umeongeza kazi kidogo sana, na kusubiri kumezidi mara mbili. Timu yako haifanani kabisa na mhudumu mmoja, ila mkunjo ni uleule. Mkurugenzi anayetaka kila mtu awe na kazi asilimia 100 anaagiza foleni isiyokwisha, pengine bila kujua.

Basi akiba ni halali, tena ni lazima. Sasa swali lako la kwanza, la kuificha.

Usiifiche. Na sisemi hivi kwa sababu ya uadilifu peke yake, ingawa na huo una thamani yake. Ukiitawanya kidogo kidogo ndani ya kila kazi, haitakuwapo siku utakayoihitaji. Kijana aliyepewa siku nne kwa kazi ya siku tatu ataitumia ya nne. Atapamba skrini, atarekebisha kitu ambacho hakuna aliyekilalamikia, au ataanza taratibu. Risiti zikigoma Jumanne, ile siku ya ziada imeshaliwa Jumatatu. Chumba kile cha Springfield kilifaa kwa sababu kilikuwa kizima na mahali pake palijulikana. Wangesema kila upasuaji uongezewe dakika kumi, majeruhi angeendelea kulala koridoni.

Halafu kuna mkurugenzi mwenyewe. Watu wa aina yake wanayajua makadirio kama mama wa nyumbani anavyoyajua maziwa. Siku atakayoonja maji hatauliza ni chupa ipi, atazikataa zote. Kuanzia hapo kila mtakachokadiria atakikata robo, na ninyi mtaongeza theluthi ili kufidia. Ndani ya miezi michache hakutakuwa na namba hata moja ofisini ambayo mtu anaiamini.

Na lililo kubwa zaidi kwangu: ukificha, unamfichia gharama mtu yuleyule anayeisababisha. Ripoti ya Jumatano aliileta yeye. Hana ubaya, anamhudumia mteja. Ila kwa jinsi anavyoona, ripoti ile ilikuwa bure. Aliomba, ikatoka, na pointi 16 zilizopungua mwisho wa sprinti akaziweka kwenye fungu la uvivu wenu. Hawezi kuyaunganisha hayo mawili kama hakuna aliyemwandikia.

Kwa hiyo anza na kuandika. Kila kazi inayoingia baada ya kikao cha kupanga ipewe tiketi, hata ikiwa ya nusu saa, yenye mambo manne: imeletwa na nani, imeingia lini, imekula muda gani, na ingeweza kusubiri sprinti ijayo au la. Vijana watanung'unika kwamba kuandika tiketi kunachukua muda kuliko kazi yenyewe. Wavumilie. Nusu saa hizo ndizo wanazokula watu wa mauzo kwenye WhatsApp, na ndizo zisizoonekana mahali popote.

Wakati mnaandika, acheni kuchukua pointi 40. Hii haihitaji ruhusa ya mtu wala fomula mpya. Tangu enzi za mtindo wa kazi wa Extreme Programming, mwishoni mwa miaka ya 1990, kanuni ilikuwa kwamba wiki hizi chukueni kiasi mlichomaliza zilizopita. Mmemaliza 24, chukueni 24. Au chini yake: 24 zile zilifanywa na watu saba, tena akiwemo huyo hodari aliyeondoka. Kwa sita, 20 inatosha kuanzia. Najua itasomeka kama mmekubali uvivu mlioshutumiwa nao. Ila 40 haijawahi kuwapo. Imekuwa ikiandikwa ubaoni kila Jumatatu, basi.

Hapo pana mtego, na timu nyingi huingia. Zile 20 tayari zimeshatolewa dharura. Ndizo zilizobaki baada ya risiti, ripoti na kundi la WhatsApp kula sehemu yao. Ukichukua 20, kisha ukatoa tena asilimia 25 za dharura, umetoa mara mbili, na safari hii mkurugenzi akikuuliza mbona timu imelegea atakuwa na haki. Chagua njia moja. Ama panga kwa pointi mlizowahi kumaliza na usitoe kitu, ukihakikisha kazi za dharura hazipewi pointi zikaja kuvimbisha hesabu. Ama panga kwa siku za watu, na huko ndiko unatenga akiba waziwazi. Mimi kwa hali yako ningeanza na ya kwanza leo, nikahamia ya pili baada ya daftari la tiketi hizo kujaa, kwa sababu siku ni kitu ambacho mkurugenzi anakielewa. Pointi, baina yetu, hazieleweki kwa mtu yeyote nje ya chumba chenu.

Ya pili inakwenda hivi. Watu sita kwa siku kumi ni siku 60. Toa likizo, sikukuu na vikao. Tuseme zimekwenda 9, mmebaki na 51. Sasa fungua daftari. Tuseme baada ya sprinti nane linaonyesha dharura zimekula siku 9, 14, 11, 22, 10, 12, 9 na 13. Wastani ni 12 na nusu. Usitenge 22 kwa woga, utakuwa umeipoozesha timu miezi yote kwa ajili ya wiki mbili mbaya. Wala usitenge 9 ili umfurahishe bosi. Ukitenga 13, ingekutosha katika sprinti sita kati ya nane, nami naridhika na kiasi hicho. Zinabaki siku 38 za kazi iliyopangwa. Usichukue asilimia ya mtu mwingine. Utasikia watu wakitaja asilimia 20 kana kwamba imeteremshwa. Hiyo ni ya kuanzia kwa asiye na daftari, na wewe utakuwa nalo.

Ile sprinti ya siku 22 iache ijulikane kuwa si ya kawaida. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hakuna akiba ya sprinti iliyotengwa kwa siku kama zile. Siku za namna hiyo mpango wote unawekwa kando, na mkurugenzi anajua kwa nini bila kuelezwa.

Daftari litakufunulia jambo jingine, nalo ndilo ningependa ulikazie macho kuliko hesabu. Sehemu nzuri ya mnachokiita dharura ina tarehe. Nchi zetu husoma bajeti Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kila anayetengeneza programu inayogusa kodi au malipo anajua kwamba Julai kuna kitu kitabadilika, hata kama hajui ni kipi. Unakumbuka tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021? Ilianza kukatwa tarehe 15 Julai, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwenye programu ya kuhesabu makato ya miamala aliirekebisha mara mbili ndani ya miezi miwili. Timu iliyokuwa imejaza Julai yake hadi ukingoni ilikesha. Kwa hiyo sprinti za mwisho wa Juni na Julai zisiwe na siku 13. Ziwe na 20, na mzungumze hivyo Aprili. Fanya vivyo hivyo na siku za mwisho wa mwezi, wenye maduka wanapofunga hesabu. Na wiki mbili baada ya kumfungia mteja mpya mkubwa mfumo: hapo simu zitalia, na watu wa mauzo wanaijua tarehe hiyo muda mrefu kabla yako. Wakuambie.

Kuna dharura zile zinazoletwa na wakubwa. Hizi usizipinge moja kwa moja, hutashinda na haikupasi kushinda. Kampuni inakula kwa wateja hao. Ukipewa ripoti ya leoleo, sema: "Sawa, bosi, inaingia. Ni siku mbili. Zimo kwenye akiba, na akiba imebaki na tano." Au ikiwa imekwisha: "Inaingia, ila lazima moja itoke. Itoke malipo ya simu au itoke stoo?" Kisha nyamaza. Usijaze kimya hicho kwa kujieleza. Mkurugenzi akichagua, umepata mpango mpya uliopangwa na mwenye mamlaka. Akisema ripoti inaweza kusubiri Jumatatu, na utashangaa ni mara ngapi watasema hivyo, haikuwa dharura.

Akiba iliyo wazi ina ugonjwa wake, usije ukasema sikukuonya. Watu wakijua kuna siku 13, wataziona kama mlango wa nyuma wa kupitishia kazi walizokataliwa mlango wa mbele. Inahitaji bawabu. Weka zamu: mtu mmoja kila wiki ndiye anayepokea simu, tiketi na kile kikundi cha WhatsApp, na wengine watano hawaguswi mpaka yeye aseme amezidiwa. Katika sprinti moja zamu hiyo ni siku kumi kati ya zile 13. Tatu zilizobaki ni za atakayemsaidia. Mwenye zamu asipewe kazi ya sprinti yenye mtu anayeisubiri. Dharura zikitulia, afanye vitu vidogo visivyo na tarehe. Zamu izunguke kwa wote, wewe ukiwemo. Ukimbandika kijana mmoja kwa sababu ndiye anayeujua mfumo wa risiti, kesho utakuwa na mtu wa pili wa kumwandikia barua ya kuagana, na pengine ndivyo ulivyompoteza wa kwanza. Hukuniambia, nabahatisha tu. Na lile kundi la WhatsApp lisifungwe ghafla, mtagombana bure. Mwenye zamu ajibu humo kila ombi kwa namba ya tiketi. Ndani ya wiki tatu watu wenyewe watakuwa wanaandika tiketi.

Akiba ikipasuka katikati ya sprinti, kanuni iwepo kabla. Jeff Sutherland, mmoja wa waanzilishi wa Skramu, huo utaratibu wa kufanya kazi kwa sprinti, na wenzake wana utaratibu mkali kwa hili katika kitabu A Scrum Book cha mwaka 2019, ambao wameupa jina la Kilatini cha utani, Illegitimus Non Interruptus: akiba ikijaa, sprinti inavunjwa palepale, mnapanga upya, na uongozi unaambiwa kwamba tarehe zitasogea. Ni mkali kwa makusudi, ili kila mwenye kuingiza kazi afikiri mara mbili. Kwa mkurugenzi niliyemsoma katika barua yako sidhani kama ungeanza nao. Anza na ulaini: akiba ikifika siku tatu za mwisho, wewe na msimamizi wa bidhaa mnakaa dakika kumi mnatoa kazi iliyo chini kabisa kwenye orodha, mnawaandikia wote siku hiyohiyo. Kusubiri mpaka Ijumaa ya kufunga ndiko kulikowapa sifa ya watu wasiotimiza ahadi.

Vipi mkurugenzi akikataa kabisa kusikia neno akiba? Bado chukueni 20. Mwongozo wa Skramu unawapa watengenezaji wenyewe, kwa kujadiliana na msimamizi wa bidhaa, haki ya kuchagua kazi zinazoingia kwenye sprinti, na tangu toleo la 2011 kiasi kile kinaitwa utabiri. Neno la kujifunga lililokuwapo mwanzo liliondolewa hapo. Anayetaka mfuate Skramu akubali na sehemu hiyo. Na kama daftari litaonyesha kwamba dharura zinakula zaidi ya nusu ya siku zenu, basi sprinti si vazi lenu kwa sasa. Hamieni kwenye ubao wa kanbani, kazi ziingie moja ikitoka nyingine, na muache kuahidi wiki mbilimbili. Google, katika kitabu chao cha mwaka 2016 kuhusu wahandisi wanaotunza mifumo, wanasema kazi za kuhudumia mfumo zisizidi asilimia 50 ya muda wa wahandisi hao. Muda uliobaki ni wa kujenga vitu vitakavyopunguza kazi hizohizo.

Na hapo ndipo daftari litakapolipa. Nimevutiwa na yale mauzo yaliyoingia mara mbili. Nadhani ni hivi: mtandao unakatika, muuzaji haoni jibu, anabonyeza tena, na seva inapokea mbili. Kama ndivyo, mtaisafisha data ya tawi hilo Alhamisi hii na ya tawi jingine mwezi ujao, siku moja na nusu kila mara. Kila muamala wa mauzo ukipewa namba yake ya kipekee kwenye simu au kompyuta ya dukani kabla haujatumwa, na seva ikiiona namba ileile tena isiuandike bali irudishe jibu la mwanzo, tatizo hilo limekwisha. Ni kazi ya siku nne hivi. Iingize kwenye mpango kama kazi ya kawaida, yenye nafasi yake, usiipeleke kwa mwenye zamu aifanye akipata nafasi.

Akiba ikianza kubaki, usiipunguze haraka. Subiri sprinti tatu au nne tulivu, kisha ishushe kutoka 13 hadi 11. Na uamue zile siku mbili zinakwenda wapi kabla watu wa mauzo hawajajua kuwa zipo.